Viota Tisa vya Yusta

Jumanne, 1 Julai

Tetere wa kwenye mwarobaini kapoteza yai moja. Upepo. Hajengi yule, anarusha vijiti vitatu anaita kiota. Nimepima yai lililobaki, nimeandika fomu, nimeshuka ngazi. Goti linauma.

Kisha kwenye matete, kwa wanana wasukao viota. Dume mmoja alimaliza kusuka jana. Jike kaja, kaingia, katoka, kaondoka. Leo dume anakifumua mwenyewe, unyasi mmoja mmoja. Nimesimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwisho mashamba ya chumvi, kwa kitwitwi. Yusta alikuwa kashatangulia. Kapata kiota kingine. Cha tisa. Mimi ninavyo vinne. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, yeye ana miezi mitatu. Namwonea wivu. Nimeliandika ili linitoke. Halijatoka.

Ijumaa, 4 Julai

Ijumaa ndiyo siku ya Daktari kupiga simu kutoka Dar. Utafiti ni wake. Miaka yote hupiga kwangu. Leo kapiga kwa Yusta kwanza. Nilikuwa chumba cha pili kituoni nikipanga fomu. Wakacheka. Sikujua Daktari anacheka.

Kisha akanitaka mimi. Habari fupi. Utafiti unapunguzwa. Atakuja mwisho wa mwezi kuchagua msimamizi wa kituo. Mmoja atabaki. Mwingine amalize msimu, basi.

Wiki mbili zilizopita nisingeona kama kuna la kuchagua. Ni mimi niliyemwonyesha Daktari kitwitwi wa kwanza, enzi hizo hajui hata pa kukanyaga. Swali lake nimeishi nalo miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume. Pwani moja, jua moja: kwa nini ndege huyu ataga mayai mawili na yule matano? Kwa nini makinda ya huyu yakue mbio na ya yule yajinenepee polepole?

Tazama anapoishi, na nani anamtafuta. Ndiyo jibu langu. Keremkerem anachimba shimo kwenye ukingo. Mlango mmoja, giza ndani. Anataga manne, matano, na makinda hayana haraka, yanakaa humo kama watoto wa tajiri. Tetere yuko wazi, kila mwenye mdomo anamwona. Mawili tu, na yakitotolewa yanaondoka upesi kabla nyoka hajapata habari. Kitwitwi hana hata mti. Kandege kadogo ka pwani, miguu mirefu, kanataga mawili juu ya ardhi tupu. Yai kubwa kuliko unavyotegemea kwa mwili ule, maana kinda lake halina muda wa kulelewa. Linatoka limeshavaa manyoya, macho wazi. Siku ya kwanza linakimbia.

Haya nayajua. Yusta hajui nusu yake. Anaviona viota tu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Yusta kaenda kwao Mkange tangu juzi. Nimekwenda kwenye chumvi peke yangu kukagua viota vyake. Sikutumwa.

Kanuni iko ukutani kituoni, kwa mkono wangu: kiota kimoja, mtu mmoja, kila siku ya nne. Usiende moja kwa moja, usisimame juu ya kiota, usirudie njia. Kila ziara iandikwe kwenye fomu, tarehe na herufi za jina. Yote hayo kwa sababu ya kunguru. Kunguru wa Bagamoyo wanamsoma mtu. Wakikuona unainama mahali mara mbili, mara ya tatu wanakwenda kutazama ulichokuwa unainamia.

Nilitaka kukuta uongo. Tisa ni vingi mno. Nilijiambia msichana anaweka mawe tu. Kila kiota kina jiwe lenye namba ya rangi nyeupe, hatua kumi kaskazini. Nikaanza na namba moja. Hatua kumi kusini. Hakuna kitu. Mchanga na magamba ya chumvi. Nikafurahi. Kisha nikapiga magoti.

Mayai yalikuwa chini ya mchanga. Kitwitwi akiona mtu, kabla hajaondoka anayafukia mayai kwa miguu yake, haraka haraka, kisha anatembea zake kana kwamba hana alichoacha. Nimepuliza kidogo. Mawili, rangi ya tope kavu, yana mistari myeusi kama mtu kajaribu kalamu.

Nimefika vyote tisa. Vyote kweli. Kila kimoja nimeinama. Nimerudi na jua kichwani na chuki moyoni. Sikuandika ziara.

Alhamisi, 10 Julai

Yusta karudi na mchele wa kwao, kamletea Mama nyumbani kwetu. Kapiga goti kumwamkia. Mama kaitikia marahaba kwa sauti ambayo mimi sijaisikia mwaka huu. Wamekaa barazani wanachambua mchele, nami nimekaa ndani kama mgeni.

Mama kamwuliza ndege kawajulia wapi. Nimesikia jibu lote kupitia dirishani. Tangu ana miaka sita alikuwa anaamia mpunga wa baba yake. Anakaa juu ya dungu kutwa nzima na kombeo, anafukuza ndege. Wenzake walirusha mawe hovyo. Yeye alikuwa anatulia kwanza aone wanatokea wapi na wanarudi wapi.

"Ukimkimbilia, bibi, humpati. Mwache akuzoee. Akikuona huna haja naye, mwenyewe atarudi kwenye mayai yake."

Alipoondoka Mama kasema yule mtoto ana adabu. Nimekula wali wake. Mtamu. Hilo nalo limeniudhi.

Jumapili, 13 Julai

Yusta Jumapili yuko kanisani mpaka saa sita. Nimekwenda tena. Nilitaka kujua kama mayai yake yanakaribia kupasuka kuliko yangu. Sababu ya kijinga lakini ndiyo hiyo.

Namba moja mpaka saba, yapo. Namba nane, hatua kumi kusini: hakuna. Nimepuliza, nimepekua kwa kidole, nimezunguka. Hakuna. Namba tisa vilevile. Mchanga mtupu.

Wiki iliyopita niliyaona kwa macho yangu. Au niliona ya saba mara mbili? Jua lilikuwa kali. Mawe yanafanana. Nimejishawishi mpaka nimeamini: nane na tisa hazikuwahi kuwepo. Nimeimba njiani.

Kunguru watatu walikuwa wamekaa kwenye kingo za bwawa la chumvi muda wote. Nimewaona. Nawaandika hapa kwa kuwa kwenye fomu siwezi.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda tena. Yusta alikuwa kwenye matete, zamu yangu nilimwachia nikasema goti linauma.

Nane na tisa bado hakuna.

Ijumaa, 18 Julai

Yusta kakuta namba tatu na namba nne vitupu. Maganda mawili matatu na nyayo za kunguru. Karudi kituoni. Kakaa na fomu mbele yake, kalamu mkononi, haandiki. Kisha akanitazama.

"Da Hawa, kunguru wameanza huku."

Nikamwambia ndivyo ilivyo kazi hii, atazoea. Nikamwambia pia asiwe anakwenda mara kwa mara. Nilimwambia hivyo. Mimi.

Daktari kapiga. Leo hawakucheka. Nimejisikia vizuri, kama nusu saa.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda kuangalia kama vilivyobaki viko salama. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya nikifunga kanga.

Nilipofika karibu na namba sita nikasikia nyuma yangu sauti ya kucha kwenye chumvi. Kunguru, hatua kama nane nyuma. Nilipogeuka akasimama. Nilipotembea akatembea. Nyuma yake wawili wengine. Hawakuruka hata kidogo. Walikuwa wananifuata kwa miguu kama watoto wanaokwenda na mama yao sokoni.

Nilijua hapohapo. Si kwamba sikujua kabla.

Nikageuka nirudi, njia ileile. Kosa jingine. Nimepita karibu na namba tano na mbili. Nilipofika kwenye kingo nikatazama nyuma. Walikuwa wameinama wote watatu. Nimewarushia kiatu. Hakikufika.

Jumanne, 22 Julai

Namba moja mpaka saba, vitupu vyote. Katika vinne vyangu kimepotea kimoja tu.

Daktari kanipigia mimi. Kaniuliza ninavyoona. Ningeweza kusema. Simu ilikuwa mkononi, mdomo wangu, hakuna aliyenizuia. Badala yake nimesema kuna jambo jingine: namba nane na tisa sidhani kama zilikuwepo. Nimesema kwa upole, kwa masikitiko, kama mtu asiyependa kusema.

 Daktari kasema ahsante, Hawa, wewe ndiye ninayekutegemea.

Maneno niliyoyangoja tangu Aprili. Nimekwenda uani nikamwaga chai yangu, sikuinywa.

Jumapili, 27 Julai

Siendi popote siku yake ya kanisa. Nafua.

Mama kauliza kwa nini Yusta haji siku hizi. Nimesema kazi.

Jana asubuhi nilimwona kwa mbali kwenye chumvi. Ana kuti la mnazi mkononi, anafagia. Anafagia ardhi tupu, anarudi nyuma, anafagia tena. Nimedhani msichana kachanganyikiwa. Nimemwonea huruma, kisha nikajichukia kwa kumwonea huruma, maana ilikuwa huruma ya mtu aliyeshinda.

Jumatano, 30 Julai

Daktari kafika saa tatu. Kanenepa, ana miwani mipya. Kaangalia fomu zote mezani, zangu na za Yusta. Kisha akataka kuona namba nane na tisa. Sote watatu tukaenda.

Mawe yale yale, Yusta hakuyaendea hata kidogo. Katupitisha mbali, karibu na mikoko, kisha kaketi chini na kutuonyesha kwa mkono tuketi. Tukakaa. Daktari na suruali yake safi juu ya tope.  Muda mrefu. Kisha mama kitwitwi akatoka kusikojulikana, akatembea, akasimama, na nyuma yake vikatembea vitoto viwili. Vidogo mno, miguu mitupu, kama pamba zilizopewa miguu. Vimetoka leo au jana. Vinakimbia, vinajilaza, vinakimbia. Upande wa pili, vingine viwili.

Viota vilikuwepo. Sikuota.

Daktari kafurahi mpaka kavua miwani. Kisha kazi ikarudi usoni. Akamwuliza Yusta: mbona mawe hayako hatua kumi? Umeyahamisha lini, na mbona hukuandika? Yusta akatazama chini.

"Nilikosea, Daktari."

"Kwa nini uliyahamisha?"

"Nilikosea tu."

Hakuniangalia. Hata kwa pembe ya jicho.

Kituoni Daktari kaniita peke yangu. Kasema msichana ana jicho, lakini anasogeza alama bila kuandika, na huenda ndiye aliyewavuta kunguru kwa kwenda kwenda. Huwezi kumpa kituo mtu wa namba zisizoaminika. Msimamizi ni mimi. Yusta amalize msimu.

Kisha kanionyesha daftari lake. Kafurahia jambo jingine. Upande wa magharibi, wa Yusta, saba kati ya tisa vimeliwa. Upande wangu wa mashariki, kimoja kati ya vinne. Chumvi ileile, ndege yuleyule. Kasema huenda magharibi ni karibu zaidi na wanakolala kunguru, na kitwitwi anayeishi pale anaishi maisha mengine kabisa: hasara kubwa, kwa hiyo ataga tena haraka, asiwekeze sana kwenye kiota kimoja. Anataka kuliandika hilo.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nimekuwa msimamizi.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeamka na furaha. Lazima niliseme hilo kwanza. Nimeoga, nimevaa gauni la bluu, nimewahi kituoni kupanga fomu ili Daktari aondoke nazo saa nne.

Ziko kwenye kabati la mbao. Miaka kumi na moja, kila msimu bahasha yake. Mume alikwenda, ujana umekwenda, lakini humo ndani hakuna yai moja lililoandikwa ambalo halikuwepo. Ndicho kitu pekee nilicho nacho cha namna hiyo. Nimeshika bahasha ya mwaka huu nikaona itakwenda Dar na kuwa ukweli. Watu nisiowajua watasoma kwamba upande wa magharibi wa chumvi una hatari kuliko mashariki, kwamba ndege wa pale anaishi kwa namna nyingine. Na hakuna hatari yoyote upande wa magharibi. Kulikuwa na mimi.

Nimekaa. Nimechukua kalamu ya wino. Kwenye fomu za Yusta, safu ya ziara, nimejaza: tarehe 7, H.S. Tarehe 13, H.S. Tarehe 16, H.S. Tarehe 19, H.S., nikifuatwa na kunguru watatu. Fomu saba. Sababu ya kupotea kwa mayai: nimeandika mwangalizi. Kwenye namba nane na tisa nimeandika: H.S. alizitafuta kwa kufuata mawe, hakuzipata.

Nimempelekea Daktari bahasha. 

Daktari kasoma akiwa amesimama. Kisha kakaa. Kasoma tena tangu mwanzo. Kasema "Hawa" mara moja, kama anayeuliza kama ni mimi. Nikasema ndiyo. Nilitaka anigombeze. Katoa daftari lake, kakata ule ukurasa kwa mstari mmoja, kamwita Yusta.

Sikukaa kusikiliza. Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi ya tetere.

Baadaye Yusta kaja akasimama mbele yangu. Nikamwomba radhi. Nimesema yote, hata simu, hata nilivyoimba njiani. Kasikiliza mpaka mwisho. Ana uso usioonyesha kitu akisikiliza, nadhani ndiyo maana ndege wanarudi.

"Nilijua, da Hawa. Tangu niliporudi kutoka kwetu. Soli ya kiatu chako cha kushoto imekatika, alama yake naijua. Nikasema ni mkubwa wangu, ataacha mwenyewe."

Ndiyo maana alifagia. Zilikuwa nyayo, zangu zilizobaki kwenye tope na zake mwenyewe, anazifuta kila asubuhi, kunguru wasizifuate. Ndiyo maana alihamisha mawe mawili, ya viota pekee alivyowahi kuficha. Kisha jana kaulizwa mbele yangu kwa nini, akasema alikosea.

Mtu mwingine angeandika hapa kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Nilidhani kanizidi macho tu. Kanizidi hata kunyamaza.

Hakusema amenisamehe. Kasema kuna viota vitatu vya kwenye matete havijapimwa leo.

Jumatatu, 25 Agosti

Yusta ndiye msimamizi. Ratiba ya wiki imebandikwa. Nimepangiwa tetere na wanana, na kuandika vizuri namna ya kujaza fomu, atakayezishika baada yangu asipotee. Nimebakiwa na wiki tano msimu uishe.

Kwenye chumvi sijapangiwa. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza.

Makinda ya wanana yametoka mengi. Nyumba nyingi zimekwisha kulegea, zinaning'inia tu. Nimepima, nimeandika. Goti limepoa kidogo.

Leo nilimfuata Yusta mpaka kwenye kingo kumpelekea maji. Jozi moja iliyopoteza mayai imetaga tena. Ndivyo walivyo: wakiwa hawakuweka kila kitu kwenye kiota kimoja, wanaweza kuanza upya kabla msimu haujafungwa. Daktari kaambiwa. Mimi sikuambiwa ni wapi. Nimejua kuna kiota kwa sababu Yusta aliacha kunywa, chupa mkononi, akatulia vile anavyotulia.

Alikuwa anatazama sehemu moja. Ningefuata macho yake ningeyapata mayai, kwa hiyo nikageuka nikatazama upande wa mikoko mpaka alipomaliza.